Shangazi, binti yangu anawaza makufuli tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza hanisumbui. Ninayekuandikia habari zake ni huyu wa pili, binti wa miaka mitano. Shangazi, mtoto huyu anawaza makufuli, wala sisemi kwa utani. Tukiingia nyumba ya watu, kabla hajaamkia mtu ameshainama mlangoni anachungulia tundu la ufunguo. Anajua kitasa cha chumba cha kaka yake "kimechoka", maana ufunguo unaingia lakini unazunguka bure. Analala na funguo kuukuu chini ya mto. Juzi mgeni wetu alitafuta funguo zake mpaka akakata tamaa, kumbe binti yangu amezitoa zote kwenye pete yake na kuzipanga ndani ya kiatu, kuanzia ndogo mpaka kubwa.

Baba yake anacheka kwamba tunalea mwizi. Mama mkwe hacheki. Anasema mtoto wa kike atafutiwe vitu vya kike. Dada yangu naye kanitia hofu nyingine, kanitumia video ya mtu anayesema mtoto akishikilia kitu kimoja tu hiyo ni dalili ya usonji.

Mimi nia yangu ni kumkuza awe mbunifu. Nimesikia sana kwamba huu ndio umri wa kuamsha vipaji. Nikamnunulia rangi na karatasi, na kinanda kidogo. Kinanda kakifungua kwa nyuma kutazama kuna nini ndani. Karatasi alizipenda, akawa anachora. Lakini anachora nini? Makufuli! Mengine yana miguu. Nikasema basi, afadhali anachora, nikamwahidi kila mchoro stika ya nyota, na nyota zikijaza ukurasa atapata zawadi. Mwanzoni alichora bila kupumzika. Halafu michoro ikawa duara na mistari miwili, ananisukumia karatasi na kudai nyota yake. Nilipoacha kutoa nyota, naye akaacha kuchora. Sasa hata rangi hazigusi.

Nisaidie. Nimkataze haya makufuli apate nafasi ya kupenda vitu vingine? Nimwandikishe darasa la sanaa? Na je, ana tatizo? Nimechoka, maana kutwa ni "Mama, kwa nini hili lina matundu mawili?" na mimi kuhusu makufuli sijui chochote zaidi ya kufunga na kufungua.

Ni mimi, Mama Funguo

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa uchovu.

Niondoe kwanza hofu aliyokutia dada yako, maana nahisi ndiyo inayokunyima usingizi kuliko makufuli yenyewe. Mtoto mdogo kushikwa na kitu kimoja si ajabu hata kidogo. Mwaka 2007 Judy DeLoache na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliotokana na mazungumzo na wazazi 177, wakakuta karibu theluthi ya watoto wadogo wana kitu wanachokipenda kupita kiasi. Kuna wa magari moshi, wa ndege, wa vikombe vya chai. Wavulana walikuwa wengi zaidi kuliko wasichana, lakini kuwa miongoni mwa wachache si ugonjwa.

Usonji hautambuliwi kwa kupenda kufuli. Daktari huangalia mambo mengi kwa pamoja: mtoto haitiki akiitwa jina, hamletei mtu kitu ili wakifurahie wote, hapokezani maneno na wenzake, maneno aliyokuwa nayo yamepotea, au akitolewa kwenye jambo lake anavurugika asiweze kutulia. Wako kutwa anakuita "Mama, kwa nini". Huyo anatafuta mtu wa kutazama naye. Ukiyaona hayo mengine niliyoyataja, mpeleke kwa daktari wa watoto. Video ya kwenye simu haijamwona mwanao.

Mama mkwe mpe heshima yake, ila kufuli si la kike wala la kiume. Tena usibishane naye, mpe kazi. Mwombe amsimulie mjukuu wake nyumbani kwao walifunga milango kwa kitu gani alipokuwa mdogo, nani alishika ufunguo, na ufunguo ulipopotea ilikuwaje. Bibi akishakuwa mtaalamu hawezi tena kuwa mpinzani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema unataka awe mbunifu, na papo hapo unauliza kama umkataze makufuli. Mwanangu, unataka kuumwagia maji moto uliokuwa unatafuta kibiriti cha kuuwasha. Rangi na kinanda ni vyombo tu, ubunifu haumo ndani yake. Mtoto hubuni akiwa na jambo linalomkaa kichwani, akawa analigeuza, analijaribu, analichora, analichezea igizo, analikosea na kulirudia. Wazazi wengi wana vyombo nyumbani na hawana hilo jambo. Wewe jambo unalo, limeinama mlangoni kwa watu linachungulia.

Katika barua yako yote, sentensi niliyorudi kuisoma ni fupi, nawe umeipita mbio: mengine yana miguu. Uliwahi kumuuliza miguu ya nini? Huenda ni kufuli linaloondoka likichoka kufunga. Huenda linamfuata aliyelipotezea ufunguo. Au huenda amelichora kama anavyochora watu. Watoto wa miaka mitatu, minne, na wengine hata mitano, mara nyingi humchora mtu akiwa kichwa kikubwa chenye miguu iliyotokea kidevuni, kiwiliwili hakuna, na kufuli kwa umbo lake lina sura tayari, tundu la ufunguo likiwa mdomo. Kama ndivyo, kakamata kitu anachokijua na namna ya kuchora anayoiweza, akavioanisha, akapata kiumbe ambacho hakuna aliyemwonyesha. Hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta kwenye kinanda.

Akikuletea mchoro tena, usiulize "hiki ni nini?" Mchoraji anaamini kinaonekana, na swali hilo linamwambia hakionekani. Wala usikimbilie "safi sana, una akili!", kwa sababu baada ya hapo mazungumzo yamekwisha. Weka kidole penye miguu, mwambie "nieleze hapa", kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Watoto wa umri huu hukaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu, na sisi watu wazima tunakimbilia kuwajazia jibu. Akisema, yaandike maneno yake nyuma ya karatasi vilevile alivyoyasema, usiyanyooshe, halafu umsomee. Utaona atakavyokusahihisha.

Zile stika nazo zina historia, na naieleza kirefu kwa sababu ndipo kuchora kwake kulipokatikia. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti walioufanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo litachora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila likapewa cheti baada ya kuchora, bila kutazamia. La tatu likachora tu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa darasani, atakaye achukue. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa nusu hivi ya wenzao. Na hata siku ile ya kuchorea cheti, kazi zao zilikuwa duni kuliko za wengine. Si ndiyo ile duara yako na mistari miwili?

Kilichotokea ni kwamba mchezo uligeuka kibarua. Kwanza alichora kwa sababu makufuli yalimjaa kichwani. Ulipoleta nyota akachora kwa ajili ya nyota, na mtu wa kibarua akinyimwa ujira huweka chombo chini. Lakini angalia kundi la pili: waliopewa bila kuahidiwa hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo zawadi haina ubaya. Ubaya uko kwenye sharti linalotangulizwa, tena kwa jambo ambalo mtoto alikuwa analifanya bure kwa furaha. Kama unatoa stika ili apige mswaki, endelea, hapo hakuna mapenzi ya kuharibu.

Kumrudisha kwenye kuchora usimshawishi. Toa ule ukurasa wa nyota ukutani, wala usiutaje. Penseli na karatasi ziweke pale anapochezea funguo zake, uondoke. Siku moja atataka kukumbuka kitu kilichomo ndani ya kitasa, na karatasi itakuwa karibu. Inaweza kuchukua majuma. Vumilia.

Unasema hujui chochote kuhusu makufuli. Vizuri! Mzazi anayejua kila kitu anageuka mwalimu kabla hajaombwa. Wewe utatafuta naye, na atajifunza kwamba hata mtu mzima huanza kwa kutojua. Anzeni na kitasa kibovu cha mlango, si kufuli la kuning'iniza. Makufuli mengi ya kuning'iniza hayakutengenezwa yatenganishwe vipande, mtahangaika bure. Kitasa kina skrubu, kwa hiyo bisibisi inatosha. Kile cha kaka yake kilichochoka ndicho hichohicho. Baba aliyekuwa anacheka mwite ashike bisibisi, binti azungushe. Mkifika kwenye kifuniko, kifunikeni kwa kitambaa wakati wa kukiinua, kwa sababu ndani kuna springi na hupenda kuruka. Ndani mtauona ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye fremu ya mlango, na kile kijipande ambacho ufunguo unakisukuma. Mwachie auzungushe ufunguo mwenyewe polepole, mara nyingi apendavyo, atazame kipi kinasukuma kipi. Usimweleze. Kwanza yeye akueleze wewe.

Akishiba hapo, mpe la pini. Kwenye makufuli mengi ya kisasa, ndani kuna silinda yenye vitundu kadhaa, na kila kitundu kina pini mbili zimepandana, juu yake springi inazikandamiza. Bila ufunguo pini zimeizuia silinda isizunguke. Meno ya ufunguo huinua kila jozi kwa kimo chake, mpaka pale pini mbili zinapoachana panakuwa sawasawa na ukingo wa silinda, ndipo inazunguka. Jino moja likizidi kidogo, haizunguki. Ndiyo maana funguo mbili zinaweza kufanana usoni na moja ikakataa. Wazo hilo la pini ni la kale mno, Misri ya zamani walikuwa na makufuli ya mbao yaliyofanya kazi hivyo; Linus Yale mdogo, Mmarekani, ndiye aliyelipa umbo la ufunguo mdogo bapa tunaoujua, katika miaka ya 1860. Mtoto wa miaka mitano hahitaji tarehe. Anahitaji kipande cha boksi, njiti chache na mkasi usiochoma, ajaribu kutengeneza la kwake. Halitafunga. Usilirekebishe usiku akiwa amelala.

Kutoka kwenye kufuli njia zinafunguka zenyewe, lakini pitisha moja tu kwa wakati, na akiikataa usimbebeshe. Zipu nayo hufungaje? Mfuniko wa chupa je? Kufuli la namba lenye magurudumu matatu lina namba 1,000 za kujaribu, kuanzia 000 hadi 999. Hajui elfu ni kiasi gani, ila gurudumu moja lina kumi, na kumi anaihesabu kwa vidole. Nenosiri la simu yako ni kufuli lisilo na chuma. Na hadithi: nani yuko nyuma ya mlango huu, na kwa nini kafungiwa? Hapo ndipo kile kinanda kinaweza kupata kazi, mlango wa hadithi ukihitaji mlio. (Kirudishieni skrubu zake kwanza.)

Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa na miaka kama minne alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa kadhaa, kwa sababu alitaka kuona yai linatokea wapi. Watu walimtafuta, hata polisi wakaitwa. Aliporudi mbio, mama yake, Vanne, hakumgombeza. Aliona mtoto amejaa habari, akaketi kumsikiliza akieleza kuku anavyotaga. Mama huyohuyo ndiye aliyefuatana naye Gombe miaka mingi baadaye. Sikuambii binti yako atakuwa mtu mashuhuri, wala hilo lisiwe lengo lako. Nimekileta kisa hiki kwa ajili ya lile tendo moja la kuketi, ambalo halikuhitaji ujuzi wa kuku.

Kuketi lakini si kutwa. Umechoka, na mama aliyechoka hujibu "sijui, niache". Mpangie wakati wake, mfupi na wa uhakika, ambao simu imewekwa mbali. Maswali yanayokuja nje ya wakati huo yachoreni kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani yasubiri zamu. Mengine ataamka keshayajibu mwenyewe, mengine atasahau, na hakuna hasara.

Kumpa nafasi si kumwachia kila kitu. Funguo za watu haziguswi bila ruhusa, hilo halina mjadala, na yule mgeni aombwe radhi na binti mwenyewe, si wewe kwa niaba yake. Mfundishe kuuliza: "Naomba kuuona ufunguo wako, nitakurudishia." Utashangaa wageni watakavyompa. Kisha usalama. Ufunguo ni chuma, na tundu la soketi ya umeme machoni pa mtoto huyu ni tundu la ufunguo kama mengine. Ziba soketi zote zilizo wazi leo hii, na umwambie kwa nini. Funguo za bafu na vyumba ziondoe kwa ndani, au jaribu kwanza kama unaweza kufungua kutoka nje, maana siku moja atajifungia. Masanduku na majokofu mabovu yanayojifunga yasiwe mahali anapofika. Na makufuli yanayotumia betri ndogo za duara usimpe kabisa. Betri hizo zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi, na ni dharura ya kukimbilia hospitali.

Itakuja siku ataamka hana habari na makufuli. Usimlaumu, "tulivyohangaika na vitasa vyako!" Wala usiendelee kumletea funguo kwa sababu wewe sasa ndiye umenogewa, jambo linalowapata wazazi wengi. Ambalo hataliacha ni ile tabia ya kuuliza ndani kuna nini. Sanduku lake la funguo liweke kabatini, usitupe.

Mwisho, darasa la sanaa. Kwa sasa hapana. Ametoka kwenye nyota juzi tu, na darasa lenye mgeni wa kumsahihisha litamrudisha palepale. Mbeleni, akiomba mwenyewe, nenda wewe kwanza ukatazame bila yeye. Muulize mwalimu anafanya nini mtoto akikataa kuchora kilichopangwa siku hiyo akachora kufuli. Akisema atamuuliza kufuli hilo ni la mlango gani, lipa. Akikuonyesha ukuta wenye maua ishirini yanayofanana, shukuru, uage.

Shangazi